Namna ya kuandika historia ya ukumbi wa sinema wa mtaani: mwongozo kwa watu wa Lubumbashi

Katika komini nyingi za Lubumbashi lipo jengo ambalo vijana hulijua kwa jina la kanisa au la depo ya saruji, na wazee hulijua kwa jina la sinema. Kwetu jina la zamani bado linafanya kazi: mama mmoja anamwomba dereva wa basi amshushe "ku sinema", na dereva, ambaye hajawahi kuona filamu hata moja mahali pale, anasimamisha gari bila kuuliza. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuandika historia ya ukumbi wa namna hiyo, awe mwalimu, mwanafunzi, au mjukuu wa mtu aliyekata tiketi mlangoni.

Mimi niliifanya kazi hii kwa ukumbi mmoja mdogo wa mtaa wetu, jioni baada ya kufundisha na siku za Jumamosi, na ilinichukua miaka 3. Mengi ninayoyashauri hapa niliyajua baada ya kukosea. La kwanza ni kwamba kazi ianze na watu. Karatasi iliyokaa kabatini miaka 60 itakungoja hadi mwakani, lakini mzee wa miaka 85, ambaye ndiye pekee anayekumbuka jinsi mashine ilivyowashwa, huenda usimkute.

Ujue kwanza ukumbi ulikuwa wa nani

Sinema ya mji huu haikuwa na baba mmoja. Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, ukaitwa Élisabethville, na kwa miongo mingi filamu ziliwafikia wakazi wake kwa njia tatu kubwa. Njia ya kwanza ilikuwa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha kutegemea wafanyakazi wa miezi michache na kuanza kuwaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Kambi zikapata shule, zahanati, uwanja wa mpira na nyumba ya burudani, ile iliyoitwa "cercle", ambako watu walionyeshwa filamu. Njia ya pili ilikuwa misheni: Wabenedikto, na Wasalesiani wa Don Bosco waliofika Katanga mwaka 1911, walitumia filamu shuleni na parokiani kwa mafundisho na kwa kuwapa vijana burudani chini ya macho yao. Njia ya tatu ilikuwa biashara, yaani mtu aliyejenga ukumbi, akakodi filamu na kuuza tiketi.

Utambuzi huu si wa kujaza ukurasa, kwa kuwa ndio unaokuonyesha pa kutafuta. Ukumbi wa kampuni umeacha alama zake kwa wastaafu wa Gécamines, kampuni ya Serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, na katika gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957. Ukumbi wa parokia huenda ukatajwa katika daftari ambamo mapadre waliandika matukio ya kila siku ya misheni, na padre wa parokia ndiye wa kuombwa ruhusa ya kulisoma. Ukumbi wa biashara umeacha faili la kiwanja, matangazo, na mara nyingi ugomvi wa urithi. Jengo moja linaweza pia kupita katika mikono yote mitatu, na hapo utalazimika kutafuta kila mahali.

Wazee, na jinsi ya kukaa nao

Mwanzoni nilimtafuta mwenye ukumbi, nikiamini kwamba kwake nitapata historia nzima. Familia yake ilijua kodi, mkopo na bei ya kukodi filamu, lakini haikujua nani aliingia kwa dirisha la nyuma, wala kwa nini siku ya Jumapili mchana watoto walipanga foleni hadi barabara ya pili. Ukitaka kuujua ukumbi, mtafute aliyeuza tiketi, aliyesimama mlangoni na kuzichana, mwendesha mashine, ambaye wengi walimwita opereta, msaidizi wake aliyebeba kwa baiskeli bobini, yaani magurudumu yaliyozungushiwa utepe wa filamu, fundi aliyechora matangazo ya ukutani, na mama aliyeuza karanga na mikate mbele ya mlango. Kwa maoni yangu mama huyo ndiye shahidi bora kuliko wote. Kila jioni aliwaona walioingia na waliotoka, na riziki yake ilipanda na kushuka pamoja na watazamaji. Mmoja wao ndiye aliyenieleza ni lini hasa watu walianza kupungua, kwa sababu mwaka ule karanga zilianza kubaki kwenye beseni na watoto wake wakazila nyumbani.

Usifike kwa mzee ukiwa umeshika simu inayorekodi. Pelekwa na mtu anayemfahamu: mwanawe, jirani, au mtu wa kanisa lake. Ziara ya kwanza iwe ya salamu na ya kueleza nia yako. Kwetu mtu husema, "Baba, nimekuja munifundishe mambo ya zamani," kisha hunyamaza na kungoja, maana mzee naye anahitaji muda wa kukupima. Kilo ya sukari au mche wa sabuni ni adabu njema. Fedha taslimu kabla ya mazungumzo hufanya maneno yawe bidhaa, na mtu akishahisi kwamba analipwa atakutafutia hadithi unayoitaka. Mweleze waziwazi maneno yake yatatumika wapi, na umuulize kama anakubali jina lake litajwe. Akikataa leo usimsukume. Jibu lake liandike, lisibaki kichwani mwako.

Siku ya kurekodi weka simu kwenye hali ya ndege, ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mtikisiko wa meza usiingie, na uiweke mbali na redio na jenereta ya jirani. Sema kwa sauti tarehe, mahali, na jina la anayezungumza kabla ya swali la kwanza. Usiku huohuo nakili sauti mahali pa pili. Mimi nilipoteza mazungumzo ya saa 2 na mwendesha mashine kwa sababu simu iliibwa siku iliyofuata, na niliporudi kwake alikuwa mgonjwa, sauti haitoki tena.

Kuhusu maswali, acha "mwaka gani" ije mwishoni. Anza na mwili wa anayekumbuka. Ulikaa wapi: kwenye benchi, kwenye kiti cha kukunja, au chini mbele ya pazia? Mlienda na nani, na nani alilipa? Mlirudi kwa njia gani usiku, na taa za barabarani zilikuwepo? Filamu ilipokatika watu walifanya nini? Nani aliwatafsiria wengine kwa sauti kile kilichosemwa kwa Kifaransa? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini kila moja hufungua mlango. Katika mazungumzo yangu ya mwanzo niliuliza majina ya filamu, na wazee kwa hisani yao walinitajia. Nilipoyalinganisha niliona kwamba kila mmoja alinipa majina yaleyale maarufu, ambayo mtu wa mji wowote angeyataja. Nilipobadilisha swali na kumuuliza mzee mmoja ni nani alikaa kando yake, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia watu wa avenyu nzima, nyumba kwa nyumba, aliyefariki, aliyehama, na aliyemwoa dada yake. Tangu siku ile niliacha kuandika historia ya filamu, nikaanza kuandika historia ya watazamaji.

Wanawake waulize peke yao. Mama akiketi na mumewe huacha mume ajibu, na utatoka pale ukidhani kwamba wasichana hawakwenda sinema kabisa. Walikwenda, wengine kwa ruhusa na wengine bila ruhusa, na wale ambao hawakwenda kamwe wana sababu ambazo nazo ni sehemu ya historia hiyo. Baada ya kuzungumza na kila mtu kivyake, wakusanye wawili au watatu siku moja; watasahihishana, watabishana, na ubishi huo utakuonyesha pale ambapo huna budi kutafuta ushahidi mwingine.

Unapoyaandika maneno yao, yaandike kama yalivyotamkwa, pamoja na Kifaransa chake, Kibemba chake na Kiluba chake. Maelezo yako mwenyewe yawe katika Kiswahili sanifu ukipenda, lakini ushuhuda usiusafishe. Mji huu una mfano mzuri: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha hapahapa mjini, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, na andiko hilo linasomwa na wataalamu hadi leo kwa sababu sauti ya waliosimulia bado inasikika ndani yake.

Mwaka hujificha ndani ya fedha

Wazee wengi hawakumbuki mwaka, ila wanakumbuka bei, na bei kwetu ni kalenda. Hadi mwaka 1967 tulitumia faranga. Ndani yake kuna kipindi kifupi cha faranga za Katanga, wakati wa mtengano wa Katanga na Kongo ulioanza Julai 1960 na kumalizika Januari 1963. Mzee akikumbuka sarafu yenye kichane cha ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, basi ameshika sarafu ya Katanga ya mwaka 1961. Juni 1967 ikaja zaire, iliyobadilishwa kwa faranga 1,000 na kugawanywa katika makuta 100. Kwa hiyo anayesema kwamba aliingia sinema kwa makuta 5 hazungumzii mwaka 1965, hata akiapa. Na kwa kuwa makuta yaliliwa na kupanda kwa bei, kumbukumbu yake inaelekea zaidi mwishoni mwa miaka ya 1960 au katika miaka ya 1970. Oktoba 1993 ilitoka zaire mpya, iliyochukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani, na Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo tunayoitumia sasa. Andika daima jina la fedha pamoja na kiasi, maana "alilipa 5" bila jina la fedha ni neno lisilokufaa kitu.

Njia ya pili ni matukio ambayo hakuna mkazi aliyeyasahau. Usiulize ukumbi ulifunguliwa mwaka gani. Uliza kama ulikuwa umeshafunguliwa Englebert, timu tunayoiita Mazembe, ilipotwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Uliza kama watu waliendelea kwenda sinema wakati wa mapigano ya askari wa Umoja wa Mataifa mjini, Septemba na Desemba 1961. Uliza habari za pambano la Ali na Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974, za vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978, na za uporaji wa mwaka 1991. Kisha rudi nyumbani kwa mtu mwenyewe: je, alikuwa ameoa? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Kadi ya ubatizo ya mtoto huyo iko kwenye sanduku, ina tarehe, na kwa njia hiyo nilipata mwaka wa kufungwa kwa ukumbi wetu wakati hakuna aliyekuwa na hakika nao.

Majina nayo yanataka uangalifu. Élisabethville ilipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, nchi ikaitwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971 hadi mwaka 1997, Katanga ikaitwa Shaba karibu katika kipindi hichohicho, na komini Albert ndiyo Kamalondo ya leo. Wakati wa sera ya kurudia uasili, majina ya Kizungu yaliachwa kwa watu, kwa barabara na kwa biashara. Ukumbi mmoja waweza basi kuwa na majina matatu, na mtafiti asiye makini ataandika habari za kumbi tatu. Katika daftari lako tenga ukurasa mmoja kwa majina peke yake: jina, aliyelitumia, na kipindi chake.

Jengo lenyewe ni shahidi

Omba ruhusa kwa mchungaji au kwa mwenye depo, nenda mchana ukiwa na mita ya kupimia, na uchore ramani kwa penseli kabla ya kupiga picha. Mkono unaochora huona mambo ambayo kamera hupita juu yake. Tazama sakafu kwanza. Sakafu ya sinema mara nyingi huteremka kuelekea pazia, na hata ikisawazishwa kwa zege utaona kwamba milango ya pembeni haiko usawa mmoja. Mahali viti vilipofungwa, vichwa vya bolti zilizokatwa hubaki ndani ya saruji. Hesabu bolti za mstari mmoja, gawanya kwa idadi ya bolti za kiti kimoja, zidisha kwa mistari, nawe utapata idadi ya viti iliyo karibu na ukweli kuliko ile ambayo mtu yeyote atakuambia kwa mdomo.

Kisha panda kwenye chumba cha mashine, au ukitazame kutoka chini. Kila mashine ya kuonyeshea ilihitaji matundu mawili ukutani: moja la kupitisha mwanga na moja la jicho la opereta. Matundu manne ni dalili ya mashine mbili, na hiyo ina maana kubwa. Filamu ya upana wa milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde, na bobini ya mita 600 humalizika kwa dakika 22 hivi. Hadithi ya dakika 90 inakuwa na bobini nne au tano. Ukumbi wenye mashine mbili uliweza kuonyesha yote bila kusimama, opereta akihamisha mwanga kutoka mashine moja hadi nyingine. Ukumbi wenye mashine moja ulisimama kila bobini ilipokwisha, taa zikawashwa, na ni katika mapumziko hayo karanga ziliuzwa, ugomvi ukaanza, na vijana wakapata nafasi ya kubadilisha viti ili wakae karibu na waliowapenda. Parokia na magari ya kuzungukia vijiji kwa kawaida yalitumia mashine ndogo za milimita 16, ambazo hazikuhitaji chumba maalumu. Kwa hiyo ukumbi usio na chumba cha mashine bado waweza kuwa ulionyesha filamu kwa miaka mingi.

Tazama pia paa juu ya chumba hicho. Mashine za zamani zilipata mwanga kwa vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka kwa umeme, na moshi wake ulitolewa nje kwa bomba. Bomba au alama yake ni dalili ya ukumbi wa enzi hizo. Kuta nene na vifuniko vya chuma juu ya matundu vina habari nyingine: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati, ambayo ikishika moto haizimwi hata kwa maji, na chumba kilijengwa ili moto usiwafikie watu. Mwisho, pima ukuta wa pazia. Tangu mwaka 1953 picha pana zilienea duniani, na kumbi nyingi zilipanua pazia zao. Ukiona fremu ya zamani ndogo ndani ya fremu kubwa zaidi, umepata alama ya matengenezo ambayo huenda hakuna karatasi inayoyataja.

Makaratasi

Faili la kiwanja ndilo la kutafuta kwanza. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1960 ardhi ya Katanga ilisimamiwa na Comité Spécial du Katanga, na kwa sababu hiyo hati za zamani za hapa zina historia yake tofauti na ya mikoa mingine. Nenda kwenye ofisi ya hati za ardhi ukiwa na namba ya kiwanja, si jina la sinema, maana faili halijui kwamba watu walitazama filamu pale. Kumbuka pia sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali: hati ya kabla yake inaweza kumtaja mtu kuwa mwenye ardhi, na ya baada yake inamtaja kuwa mwenye haki ya kuitumia na mwenye majengo yaliyo juu yake. Usiyachanganye mambo haya mawili, hasa pale warithi wanapogombana.

Katika ofisi moja nilirudishwa mara 4. Niliporudi na barua ya shule yenye muhuri, nakala mbili, na kuomba nakala yangu isainiwe kwamba imepokelewa, nilipewa siku ya kuja na faili likatolewa. Nashauri uanze na barua hiyo.

Magazeti yana faida yake na mtego wake. L'Essor du Congo, lililoanza kutoka Élisabethville mwaka 1928, lilichapisha habari na matangazo ya mji, lakini lilisomwa zaidi na Wazungu, na matangazo ya filamu yaliwalenga wao. Usipouona ukumbi wa mtaa wako humo, usihitimishe kwamba haukuwepo. Ukimya wa gazeti lile unahusu wasomaji wake tu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina maktaba na idara ya historia ambayo, tangu mwaka 2000, kupitia mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulioongozwa na Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, imekusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida. Omba kuonyeshwa kilichokusanywa katika komini yako kabla ya kuanza upya kazi iliyokwishafanywa. Mwenye ndugu Ubelgiji amwombe apite Brussels, kwenye Maktaba ya Kifalme na kwenye hifadhi ya nyaraka za Serikali, ambako karatasi nyingi za utawala wa kikoloni zimehifadhiwa.

Picha, tiketi na vipande vya filamu vimo majumbani. Zipige picha palepale mezani, karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa. Usiondoke na albamu ya mtu hata akikuruhusu, kwa sababu familia ikigombana siku moja, wewe ndiwe utakayeulizwa. Nyuma ya kila picha iliyonakiliwa andika aliyemo, aliyeitoa na alichosema. Tazama pia kuta za sebule. Wachoraji wa mji huu, ambao Tshibumba Kanda Matulu ndiye anayejulikana zaidi, katika miaka ya 1970 waliuzia familia za kawaida michoro ya mambo yaliyopita, na watu waliita michoro ya namna hiyo "ukumbusho", yaani kitu kinachomfanya mtu aanze kusimulia. Hata mchoro usiohusu sinema una kazi hiyo. Muulize mwenye nyumba aliununua lini na wapi, kisha msikilize.

Mambo mazito

Kuna mambo matatu ambayo historia ya ukumbi wa Lubumbashi haiwezi kuyakwepa, na sioni kwamba ni heshima kwa wazee kuyapamba. Kwanza ni ubaguzi. Mji wa Wazungu na cité ya Waafrika vilitenganishwa kwa eneo lililoachwa wazi makusudi, Mwafrika alihitaji kibali kuwa mjini usiku, na filamu za kuonyeshwa kwa Waafrika zilipitishwa na kamati za ukaguzi zilizoamua nini wangeweza kukiona. Waulize wazee waliozuiwa. Maelezo ya mtu aliyesimama nje ya ukumbi wa mjini akisikia muziki wa filamu kupitia ukuta ni ushahidi ulio sawa na wa aliyekaa ndani.

Jambo la pili ni mali. Baada ya hotuba ya Rais Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, biashara za wageni zilipewa raia, na kumbi za sinema zilizokuwa za wageni hazikusalimika. Tangu mwaka 1976 baadhi ya mali zilirudishwa na nyingine hazikurudi. Mpaka leo kuna familia mbili zinazosema "ukumbi wetu" kuhusu jengo moja. Andika nani alishika ukumbi mwaka gani na kwa karatasi gani, na uache neno la haki kwa mahakama.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, wengi wao watu waliozaliwa hapa, na baadhi walikufa njiani au wakingoja treni kwenye vituo. Wale walikuwa majirani, wauza tiketi na watazamaji wetu. Ukiwahoji waliobaki peke yao, utaandika historia ya mtaa uliokatwa nusu, na hutajua kwamba umekatwa. Watafute Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi, Kananga na Kinshasa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha kuanzia, na aliyehama mara nyingi anakumbuka zaidi, kwa kuwa ukumbi anaoubeba kichwani haujabadilishwa kuwa kitu kingine. Omba ruhusa zaidi ya mara moja, usilazimishe habari za safari ile, na ikiwa mtu atataka kuzungumzia karanga na benchi tu, zungumzeni karanga na benchi.

Kuandika na kurudisha

Ukishakusanya, usingoje mpaka uwe na kila kitu. Anza na jioni moja ukumbini, ile unayoijua vizuri kuliko zote: foleni, tiketi, viti, mashine, mapumziko, njia ya kurudi. Kutoka hapo rudi nyuma hadi siku ya kujengwa, kisha shuka hadi siku ya kufungwa, ukieleza pia kilichofuata, yaani kaseti za video, televisheni za nyumbani, na makanisa ya uamsho yaliyohitaji kumbi kubwa kwa bei nafuu. Mashahidi wawili wakipingana na huna njia ya kuamua, weka maneno ya wote wawili, kila moja na mwenyewe. Tofautisha wazi kile ulichokisoma, ulichokipima na ulichoambiwa.

Kabla ya kuchapisha, chukua maandishi uwasomee wenyewe waliokupa maneno, kwa sauti na polepole, uani, siku ya Jumapili baada ya misa. Kwetu kazi hiyo ilichukua Jumapili 3. Walinisahihishia majina 11, wakafuta hadithi moja ambayo mwenyewe aliyeisimulia hakutaka tena isomwe na wajukuu, na mama wa karanga akaniambia bei yake niliiandika vibaya. Toa nakala za kutosha: kwa kila shahidi au kwa mtoto wake mkubwa, kwa shule ya mtaa, kwa ofisi ya komini, kwa maktaba ya Chuo Kikuu, kwa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na kwa wale wanaosali au kufanya kazi ndani ya jengo sasa. Mwishoni mwa kila nakala acha kurasa 4 tupu na namba ya simu ya shule, kwa ajili ya yule atakayesoma na kukumbuka kitu ambacho hukuambiwa.